Injini ya kilomita laki saba haihitaji nozo kubwa

Jumamosi nilikuwa nashuka kutoka Mariakani, nikamkuta jirani yangu wa Mikindani kaegesha lori pembeni pale Mazeras. Kabini imeinamishwa mbele, turniboi amekaa juu ya jiwe anatafuna muhogo. Nikajua. Wiki tatu nyuma jirani alikuwa akitutambia barazani kwamba amefunga "nozo kubwa", yaani ncha za injekta (vile vipuli vinavyopulizia dizeli ndani ya injini) zenye matundu mapana zaidi, na sasa gari linapanda kama lina jini. Basi jini limetoka, limetoboa pistoni ya pili likaenda zake.

Kilichonipandisha hasira si pistoni. Ni lile neno "kuboresha". Lori limekula kilomita laki saba na ushei, linatoa moshi, halivuti, linakunywa dizeli kama ngamia aliyetoka jangwa la Taru, na dawa anayoambiwa mwenyewe ni kulimwagia dizeli zaidi! Mzee kashindwa kumaliza sahani moja ya pilau, wewe unamwekea mbili.

Dizeli haiungui peke yake, inaungua na hewa. Injini inavuta hewa kiasi chake, na injini iliyochoka inavuta na kushindilia pungufu ya hapo, maana ringi zimelika, valvu hazikai sawa, na shafti ya tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa injini) inacheza ukiishika kwa vidole viwili. Ukitanua matundu ya nozo, hewa haiongezeki kwa kiasi hicho. Dizeli iliyokosa hewa inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, na ule moshi ni pesa yako, uliilipia kituoni. Huku ndani joto linapanda, na kichwa cha pistoni ni alumini, si jiwe la kusagia. Halafu fundi analijaribu gari wapi? Changamwe, usawa wa bahari, tupu, amesimama. Anakanyaga mara mbili, anasikiliza kama daktari, "Umesikia hiyo, bosi?", anapokea chake. Gari hilohilo ukilitia saruji ukalielekeza Nairobi, unapanda zaidi ya mita 1,600, na kila unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo lori lililokuwa bingwa Miritini linafika Sultan Hamud likiwa jiko la makaa. La jirani yangu hata Maungu halikuiona.

Yaliwahi kunikaribia na mimi. Lori langu, Isuzu FRR ile ya injini ya 4HK1, lita 5.2, ilianza kugonga asubuhi na kutoa moshi mweupe. Fundi mmoja, simtaji, akanipigia hesabu ya injekta nne "za nguvu". Ami yangu, aliyeendesha matrela mpaka magoti yakagoma, akaniuliza swali moja: "Kompresheni umepima?" Yaani injini inashindilia hewa kwa nguvu gani. Sikuwa nimepima. Akaniagiza chupa nne za maji, zote sawa, tukachomoa mipira ya dizeli inayorudi tangini, kila injekta ikapewa chupa yake, injini ikawashwa. Dakika chache tu, chupa ya tatu imejaa na wenzake hawajafika nusu, maana yake injekta hiyo inavuja ndani. Kompresheni nayo ilikuwa nzuri. Injekta zikapelekwa kwenye mashine, tatu zikasafishwa na kurekebishwa, ya tatu ikabadilishwa kwa kipimo kilekile cha kiwandani. Moshi ukakatika. Ami hakutaka hata chai, alitaka niombe radhi kwa kubishana naye.

Injekta hizi za komoni-reli, zinazolishwa zote na bomba moja la presha kubwa liitwalo reli, watu wanazichukulia kama bomba la bustani. Tairi la lori unalijua linavyojazwa upepo likawa gumu? Presha hiyo izidishe mara 200 ndipo unaanza kukaribia iliyomo kwenye reli. Vipande vya ndani vimepishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele uliopasuliwa mara ishirini. Kisha mtu anakuja na msasa.

Na dizeli yenyewe? Pampu na injekta hazina oili nyingine, zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita. Mafuta ya taa hayalainishi hivyo. Tangu 2018 serikali ilipoyatwika ushuru wa shilingi 18 kwa lita, faida ya kuyachanganya na dizeli ilipungua, sawa, lakini mitungi ya mafuta ya kunyonya bado ipo njiani na bado mnainunua, nawaona. Ukifunga injekta mpya juu ya filta ya mwaka jana na maji tangini, umezipeleka machinjioni tu.

Washa za shaba zinazokaa chini ya injekta zibadilishwe, tafadhali, zile za zamani msizigeuze. Na ule msimbo ulioandikwa kwenye injekta uingizwe kwenye kompyuta ya gari, haukuwekwa kwa urembo.

Haya, nakubali, shingo upande: yupo mwenye injini iliyofunguliwa yote, ringi mpya, tabo kubwa, hewa ya kutosha, na mtu anayejua kuipanga kompyuta. Huyo aweke nozo kubwa, kwa heri. Na kama kiwanda chenyewe kimetoa nozo ya toleo jipya kwa injini yako, ifunge, hilo kweli ni boresho. Lakini niambieni ni wangapi mnauziwa hivyo pale gereji chini ya mwarobaini.

Jirani nilimpa lifti mpaka nyumbani. Tulipofika Jomvu nikamuuliza injekta zake za zamani ziko wapi. Akanyamaza, akatazama dirishani. "Fundi alisema ni chuma chakavu, akanisaidia kuziondoa." Injekta za kiwandani, seti nzima, zilizokuwa zinataka kusafishwa tu. Na usafiri wa kuziondoa, wallahi, alilipia jirani mwenyewe.