Ford Alikuwa Sahihi Kukataa Kuchangia Barabara

Wanaosimulia historia ya Lincoln Highway, barabara ya kwanza ya magari iliyokusudiwa kuvuka Marekani nzima, humsifu Carl Fisher na kumlaumu Henry Ford. Mimi namtetea Ford.

Mwaka 1912 Fisher, aliyetajirika kwa taa za magari, aliwaendea wenye viwanda vya magari na vipuri akiwaomba wachange dola milioni 10. Alitaka njia ya kokoto kutoka New York hadi San Francisco, ikamilike kabla ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915. Frank Seiberling wa Goodyear aliahidi 300,000 papo hapo. Ford akagoma. Hoja yake: matajiri wakijenga barabara, wananchi hawatazoea kuzigharamia kwa kodi zao.

Michango haikutosha. Njia ilizinduliwa Oktoba 1913, kilomita 5,400 na ushei katika majimbo 13, lakini sehemu kubwa ilikuwa udongo uleule wa zamani, ila sasa ulikuwa na jina. Ndipo chama cha barabara hiyo kikabuni jambo ninalolithamini kuliko mengine yote: kujenga maili moja tu ya zege, huko mashambani, kwa saruji ya msaada. Ya kwanza ilijengwa karibu na Malta, Illinois, mwaka 1914. Dereva aliyekwama topeni asubuhi nzima aliteleza juu ya zege kwa dakika chache, kisha akarudi topeni. Huyo hakuhitaji kuhutubiwa na mtu. Alirudi kwao akiibana serikali yake, na huo ndio moyo ambao Ford aliutaka.

Mwaka 1919 jeshi lilituma msafara wa magari kutoka Washington hadi San Francisco, kwa sehemu kubwa kupitia njia hiyohiyo. Ulichukua siku 62, malori yakizama mchangani na kuvunja madaraja ya mbao. Miongoni mwa maofisa alikuwemo kijana Dwight Eisenhower. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kugharamia mtandao wa barabara kuu kwa fedha za umma. Na mwaka 1956 Eisenhower, sasa akiwa rais, akatia saini sheria ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama, fedha zikitoka hasa kwenye kodi ya mafuta. Kila aliyejaza tangi alichangia, na hakuna kiwanda kilichopitishiwa bakuli.