Siku Kompyuta ya Mjomba Ilipogeuka Mashine ya Fedha

Mjomba wangu ana steshenari Ngamiani, Tanga, na ndani yake kuna kompyuta ya Pentium 4 yenye Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Ukimwambia anunue nyingine, anakuonyesha skana. Skana ni nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, ila CD yake ya draiva, programu ya kuifanya ielewane na kompyuta, haijawahi kusikia habari za Windows yoyote iliyozaliwa baada ya XP. "Nikiitupa kompyuta nimeitupa na skana," anasema. "Vyeti vya watu nitaskani kwa macho?" Hapo mjadala huisha.

Kilichomtesa ni WhatsApp. Siku hizi mteja haji na flashi. Anasimama mlangoni na simu: "Naomba namba nikurushie, unitolee kopi mbili." Brauza ya Mjomba ilikuwa Firefox 52, ya mwisho kuikubali XP, na WhatsApp ikiiona inaigomea. Wateja wakawa wanavuka barabara kwa jirani. Mjomba alivumilia mpaka alipomwona imamu wa msikiti wake mwenyewe naye anavuka. Usiku huohuo nikapigiwa simu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kesho njoo dukani. Skana usiiguse."

Ilikuwa 2024. Nikaanza kwa kumwonyesha ugonjwa wenyewe: nikaweka brauza mpya ya kawaida, XP ikatoa kisanduku kusema faili hili si programu halali. Mjomba akavaa miwani, akasoma, akanigeukia taratibu. "Si halali? Umeniletea mali ya wizi dukani?"

Nikamtuliza. Programu mpya huandikwa ndani yake toleo la chini la Windows inalolikubali, kwa kawaida 6 na kuendelea, na XP ni 5.1. Namba hiyo unaweza kuibadilisha, lakini hapo ndipo kinapokuja kisanduku cha pili: programu inamtafuta GetTickCount64 ndani ya KERNEL32, faili la moyoni mwa Windows, na haimwoni. Kazi ya huyo bwana ni kusema kompyuta imewaka kwa milisekunde ngapi. XP inaye wa kwake wa zamani, anayehesabu mpaka siku 49 na ushee kisha anarudi sifuri, ndiyo maana kwenye Vista, Windows iliyofuata XP, wakaongeza mwenye kifua kikubwa zaidi. Kwa umeme wetu huu, nionyesheni kompyuta ya mtaani iliyowahi kuwaka siku 49 mfululizo. Yaani brauza ilikuwa inagoma kwa kukosa kitu ambacho kwa Mjomba kisingepata kazi ya kufanya.

Wapo mafundi huko duniani waliokataa kuizika XP. Kuna mradi unaitwa One-Core-API unaobadilisha mpaka mafaili ya moyoni mwa Windows ili yajue huduma za matoleo ya mbele. Huo sikuugusa, skana ilikuwa inaniangalia. Nikachukua Supermium, brauza ya ukoo wa Chrome iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows za zamani. Inakuja na mshenga wake: faili la pembeni linalopokea maombi ya kisasa na kuyapeleka kwa mzee XP kwa lugha anayoielewa. Ilifunguka kwa mwendo wa mtu anayetoka eda, lakini ilifunguka. WhatsApp ikaonyesha msimbo, Mjomba akauskani kwa simu, na meseji zikamiminika. Mkewe akapiga kigelegele.

Ningeondoka hapo, mambo yangekwisha salama. Ila XP ile ilikuwa haijapata kiraka cha usalama miaka mingi, na dawa yake naijua. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini ndugu yake wa tumbo moja, POSReady 2009, iliyokusudiwa mashine za kaunta za maduka, iliendelea kupewa apdeti mpaka Aprili 2019. Unaongeza kijistari cha PosReady kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, unaweka 1, na kompyuta inajitambulisha kuwa ni mashine ya kaunta. Viraka vya miaka mitano, ukivipakua, vinaingia bila kuulizwa.

"Mjomba," nikasema kwa madaha, "sasa kompyuta yako imeandikwa kwenye rejista kwamba ni mashine ya kupokelea fedha."

Akaacha kutafuna. "Imeandikwa wapi?"

"Humo ndani."

"Na hizo apdeti zinatoka wapi?"

"Kwenye intaneti."

"Kwa hiyo huko wanajua kwamba hapa pana mashine ya fedha."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Mwenye duka la Kitanzania akisikia mashine ya fedha anawaza kitu kimoja tu: EFD, ile ya risiti za kodi. Biashara ya Mjomba ni ndogo, hajawahi kutakiwa kuwa nayo, na alipenda iendelee kuwa hivyo. Akamnong'oneza mkewe. Mkewe akamweleza muuza maandazi, kwa siri. Kufika adhuhuri, mwalimu mstaafu aliyetoa kopi za shilingi 400 alikuwa amesimama kaunta, mkono umenyooka: "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nadai."

Umeme ukakatika Mjomba akiwa katikati ya kuprinti orodha mpya ya bei. Ndipo akatokea bwana mmoja, shati limechomekwa, mkoba kwapani. Mjomba alinyakua kanga ya mkewe na kuifunika kompyuta gubigubi. Jina la kanga, likiwa limetanda sawasawa juu ya kioo: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

"Habari za kazi. Mna kompyuta hapa?"

"Hatuna."

"Na hiyo?"

"TV. Mbovu."

Umeme ukarudi. Kompyuta ile imepangwa iwake yenyewe umeme ukirudi, basi sote tukasimama kimya kuisikiliza TV mbovu ikijiandaa chini ya kanga. Hatimaye ikaimba wimbo wa kukaribisha wa XP, kwa sauti ya juu kabisa. Mjomba akafumba macho. Printa ikakumbuka deni lake, ikakohoa, ikatema karatasi mpaka miguuni kwa mgeni. Akaiokota, akaisoma: KOPI 100. PICHA ZA PASIPOTI 3,000. KUPRINTI 300.

"Kumbe na picha mnapiga," akasema, akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na kadi za mchango wa harusi.

Mjomba alimfanyia kazi yote bure. Bei ingeleta malipo, malipo yangeleta risiti. Kesho yake ikaja kamati nzima ya harusi.

Nikapigiwa simu tena. "Iandike upya humo iwe kitu kisichopokea fedha. Iandike zahanati." Nikamwambia ya zahanati hakuna, nikaufuta ule mstari mbele ya macho yake, viraka vilishaingia, havitoki. Hakuniamini hata kidogo. Aliketi mwenyewe, akachapa kwa kidole kimoja, akaprinti kwa herufi kubwa na kubandika juu ya kioo: HII NI KOMPYUTA YA KAWAIDA.

Mteja wa kwanza akalisoma tangazo, akamtazama Mjomba. "Kwani jana ilikuwa nini?"