Goti la mtu linashangiliwaje?

Kinachonikera kuliko vyote kwenye mashindano ni watu kushangilia maumivu ya mpinzani. Mchezaji yuko chini, ameshika goti, uso umekunjamana, machela inaingia, na upande wa pili watu wanaruka na kugongeana mikono! Jamani, goti la mtu hilo. Na wengi wao siku ya kawaida ni wapole kabisa, mtu akianguka barabarani wanakimbia kumwinua. Tofauti ni jezi tu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana wa miaka 11 hivi katika makundi mawili kambini huko Oklahoma, Marekani. Hawakuwa na ugomvi wowote. Mashindano ya besiboli na kuvuta kamba yalipoanza, yakaja matusi, wakachomeana bendera. Uhasama ulipungua walipopewa kazi ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake.

Sawa, wale walikuwa watoto. Sisi watu wazima je? Tutaniane, tuzomee pasi mbovu, tutambe tukishinda, raha ya ushabiki ndiyo hiyo. Lakini kumwombea mwenzako avunjike mguu ili timu yako ipate pointi tatu? Hapana, hilo silikubali.