Programu ya Bure au ya Kulipia: Nani Ataweza Kuurudia Uchambuzi Huu?

Anayeanza kazi ya takwimu hulazimika mapema kuchagua: alipie leseni ya programu ya takwimu kama SPSS, Stata au SAS, au ajifunze R au Python, lugha za kompyuta ambazo hazilipiwi. Mjadala huu mara nyingi huishia kwenye bei, na hapo ndipo unapopotoka, kwa sababu leseni ni sehemu moja tu ya gharama ya uchambuzi. Swali ninaloliona kuwa zito zaidi ni kama kuna mtu atakayeweza, miaka mitano baada ya ripoti kutolewa, kufungua faili zile zile, kurudia hesabu zile zile na kupata majibu yale yale.

Kwa kipimo hicho, programu za kulipia zina hoja nzito kuliko watetezi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, wanavyokubali. SPSS ilianza mwaka 1968 kwa ajili ya watafiti wa sayansi ya jamii waliohitaji kuchakata madodoso bila kuwa mafundi wa kompyuta, na hadi leo mwenye kuielewa takwimu anaweza kuingiza data, kufungua menyu na kupata jedwali siku hiyo hiyo. Stata, iliyotoka mwaka 1985, ina sifa isiyosemwa vya kutosha: ukiandika amri ya version mwanzoni mwa faili lako na kutaja toleo ulilolitumia, matoleo ya baadaye yatazielewa amri zako kama zilivyoeleweka wakati ule. Anayelipia ananunua, pamoja na hesabu zenyewe, ahadi kwamba kazi yake ya zamani haitavurugwa na mabadiliko ya wenye programu.

R haitoi ahadi ya namna hiyo. Lugha hii ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, na toleo la 1.0.0 likatolewa mwaka 2000. Leo hazina yake, CRAN, ina vifurushi, yaani nyongeza zinazoipa R uwezo mpya, zaidi ya 20,000, na mbinu nyingi mpya za takwimu huonekana huko kabla hazijafika kwenye menyu za programu za kulipia. Lakini kinachokua kwa kasi hiyo hubadilika pia. Katika toleo la 3.6.0 la mwaka 2019, namna ya kuchota sampuli kwa bahati nasibu ilirekebishwa ili kuondoa dosari iliyojitokeza kwenye idadi kubwa sana. Marekebisho yalikuwa ya haki, na njia ya kurudisha utaratibu wa awali iliachwa. Hata hivyo, mtafiti asiyesoma taarifa za toleo angeweza kuendesha msimbo wake wa zamani, yaani amri alizoziandika, kwa namba ile ile ya kuanzishia bahati nasibu, akapata sampuli tofauti na asijue kwa nini. Dawa ipo, nayo ni kuhifadhi orodha ya matoleo ya R na ya kila kifurushi pamoja na data, lakini mzigo wa kufanya hivyo unamwangukia mtumiaji mwenyewe.

Wapo wanaoamini kwamba kulipia hununua usahihi. Imani hiyo inapimika kwa mfano mdogo. Chukua namba 1 hadi 10 na utafute robo ya kwanza, yaani thamani ambayo robo ya data iko chini yake. R, ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, hutoa 3.25. SPSS hutoa 2.75, na SAS hutoa 3. Hakuna iliyokosea: kila moja inafuata kanuni inayokubalika, na R peke yake inazo kanuni tisa za kuchagua. Bei haikuamua chochote hapa. Kilicho muhimu ni kama mchambuzi anaweza kujua kanuni ipi imetumika, na katika hilo R ina faida ya wazi kwa kuwa msimbo wake unasomeka na yeyote, ingawa ni haki kusema kwamba wenye programu kubwa za kulipia nao huchapisha fomula zao kwenye miongozo.

Hoja ya uwajibikaji nayo inahitaji kuangaliwa kwa utulivu. R hufunguka kwa tangazo kwamba haina dhamana yoyote, na viongozi wengi wa taasisi wakilisoma hushtuka. Wangesoma pia mikataba ya programu za kulipia, ambayo kwa kawaida huweka ukomo mwembamba kwa fidia ambayo kampuni itatoa. Kinachonunuliwa kweli ni mtu wa kumpigia simu, na kwa timu isiyo na mtaalamu wa ndani, hilo si jambo dogo.

Tena, si kila cha bure kiko salama mikononi mwa mtumiaji. SAS ilitoa toleo la bure la wanafunzi na walimu mwaka 2014, kisha ikalifunga mwaka 2021. Anaconda, njia maarufu ya kusakinisha Python pamoja na vifurushi vya data, ilibadilisha masharti mwaka 2020 na kuanza kudai malipo kwa mashirika makubwa ya kibiashara. R yenyewe iko chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, kwa hiyo nakala uliyo nayo hakuna anayeweza kuizima. Tofauti hii kati ya zawadi ya kampuni na programu isiyo na mwenye uwezo wa kuifunga ndiyo ambayo wanaotafuta nafuu ya bei huisahau.

Kwa maoni yangu, timu yenye ujuzi wa Stata, yenye tarehe ya mwisho iliyokaribia na bajeti ya uhakika, haina sababu ya kuhamia R kwa ajili ya itikadi. Miezi ya kujifunza upya ni fedha pia. Lakini mwanafunzi, mtafiti wa kujitegemea, au mradi ambao leseni yake italipwa na mfadhili kisha ikome, ningewashauri waanze na programu huria, hata kama mwanzo wake ni mgumu. Leseni ya mwaka ikiisha, data bado zinaweza kuokolewa, kwa kuwa R husoma faili za SPSS, Stata na SAS. Uchambuzi uliofanywa kwa kubofya menyu, ukabaki kwenye kumbukumbu ya aliyebofya, hauokoleki. Kwa wanaoogopa kuandika amri, JASP na jamovi ni za bure, zina menyu, na zinakidhi majaribio mengi ya kawaida.

Anayebaki na SPSS naye ana kinga ambayo watumiaji wengi huipita. Kwenye kila dirisha la uchambuzi, kando ya kitufe cha OK, kipo cha Paste, ambacho huandika amri nzima kwenye faili la maandishi kabla ya kuiendesha. Faili hilo likihifadhiwa pamoja na data, mchambuzi atakayefuata ataona vigezo vilivyotumika, waliojibu walioondolewa na mpangilio wa hatua, hata kama yeye mwenyewe hana leseni.