Tope au jiwe: kompyuta inaposoma utando wa shingoni

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kupimwa mishipa ya shingo hapa Dodoma mjini. Alikuwa haumwi. Daktari wa kliniki ya presha ndiye aliyesikia mvumo shingoni alipoweka kifaa chake cha kusikilizia, akaandika kipimo. Mtaalamu wa ultrasaundi alimpaka jeli, akazungusha kile kichwa cha mashine chini ya taya kwa dakika kumi hivi, kisha akasema: "Mama, upande wa kushoto njia imebana kama asilimia 60, ila damu inapita vizuri." Shangazi akajifuta jeli kwa ncha ya khanga, akauliza: "Haya mwanangu. Hicho kilichobana, ni tope au jiwe?"

Kijana akacheka, akamwambia mashine haisemi hayo.

Shangazi anatoka Mpwapwa, na nyumba yake iko karibu na korongo. Mtu wa korongo hababaishwi na upana wake. Anatazama ukingo: ukiwa mwamba analala, ukiwa kichanga anahamisha mbuzi kabla mvua hazijaanza. Swali lake, kwa hiyo, lilikuwa la kitaalamu kuliko jibu alilopewa, na kuna watu wamelifanyia kazi zaidi ya miaka 25.

Kinachobana ni utando wa mafuta unaojijenga kwenye ukuta wa mshipa; ukiwa laini kama tope unaweza kumeguka, kipande kikapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Kazi yenyewe ni hii. Picha ya ultrasaundi ni nukta za kijivu, kila moja ina namba kuanzia 0, yaani nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pe. Mafuta laini na damu iliyovujia ndani ya utando hurudisha mwangwi hafifu, hivyo huonekana nyeusi. Nyuzi ngumu na chokaa hurudisha mwangwi mkali, huonekana nyeupe. Programu ya kompyuta huzungushia mpaka utando ule, huzipanga nukta zote kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, halafu hutoa namba iliyo katikati ya foleni. Namba ikiwa ndogo, ni tope. Ikiwa kubwa, tunakaribia jiwe.

Wapinzani wana pingamizi la haraka, na ni la haki: kuna kitufe cha kuongeza mwanga. Mtaalamu wa asubuhi akikizungusha kidogo, utando uleule unakuwa mweupe kuliko alivyouona mwenzake wa jioni. Yeyote aliyepiga picha ya pasipoti studio mbili tofauti pale mjini anajua uso mmoja unavyoweza kutoka na rangi mbili. Jibu lake lilipatikana katika miaka ya 1990, kwa watafiti wa London waliokuwa na Profesa Andrew Nicolaides, na mimi hulipenda kwa urahisi wake. Katika picha hiyohiyo, damu inayopita hupewa namba 0, na tabaka la nje la ukuta wa mshipa hupewa 190. Nukta nyingine zote hunyooshwa zifuate vigingi hivyo viwili. Kitufe hata kikizungushwa vipi, damu inabaki damu na ukuta unabaki ukuta. Ni kama kupima shamba kwa kamba yenye mafundo badala ya kwa hatua za miguu ya kila mpimaji.

Sasa nije kwenye takwimu inayonikosesha usingizi. Kundi hilohilo la Nicolaides lilifuatilia watu 1,121 ambao mishipa yao ya shingo ilikuwa imebana kwa asilimia 50 au zaidi bila dalili yoyote, yaani watu wa aina ya shangazi. Katika ripoti ya 2013 walipima kwa kompyuta lile eneo jeusi linalogusana na njia ya damu bila kifuniko cheupe kinachoonekana. Waliokuwa na eneo chini ya milimita 4 za mraba walikuwa 706, na kiharusi kwao kilikuwa asilimia 0.4 kwa mwaka. Waliozidi milimita 10 za mraba walikuwa 198, na kwao kilikuwa asilimia 5.

Tuifanye hesabu ya sokoni. Chukua watu elfu moja wa kundi la kwanza: wanne kwa mwaka. Chukua elfu wa kundi la pili: hamsini. Na wote hawa, wa wanne na wa hamsini, wanaweza kutoka chumba cha kipimo na karatasi iliyoandikwa maneno yaleyale: msinyao asilimia 60. Kila nikikumbuka karatasi ya shangazi najiuliza alikuwa kwenye elfu ipi. Hakuna anayeweza kuniambia.

Naijua haraka iliyomo ndani ya hesabu hiyo. Hata katika kundi baya, 950 kati ya elfu wanamaliza mwaka salama. Isitoshe, watu wale waliandikishwa kati ya 1998 na 2002, wakati dawa za statini, zile za kushusha mafuta kwenye damu, hazijawa za kila mgonjwa. Leo hatari kwa jumla imeshuka. Picha nayo ni kipande kimoja bapa cha kitu chenye unene, na chokaa ikizidi hutupa kivuli kinachoficha kilicho nyuma yake. Programu zinazojifunza zenyewe zina madai makubwa zaidi, lakini jaribio mojawapo la mwanzo, la Cyprus mwaka 2003, lilitenganisha tando zilizoleta dalili na zisizoleta kwa usahihi wa asilimia 73 hivi. Kwa mtihani wa darasani si mbaya. Kwa shingo ya mtu, bado.

Hoja nzito kuliko zote inatoka hapahapa Afrika. Utafiti wa SIREN wa Ghana na Nigeria, uliochapishwa 2018, ulikuta presha ikihusishwa na takriban asilimia 90 ya mzigo wa kiharusi. Kwetu, hesabu za 2003 hadi 2006 zilionyesha Dar es Salaam ikipata visa karibu 316 kwa watu 100,000 kila mwaka, na wilaya ya Hai 109, baada ya kusawazisha umri. Viharusi vingi vya kwetu huanzia kwenye mishipa midogo ndani ya ubongo, si shingoni. Daktari mmoja rafiki yangu alinifokea: "Kaka, nipe mashine za presha na vidonge visivyokatika stoo, hiyo kompyuta yako utaniletea baadaye." Sina la kumjibu kuhusu shilingi ya kwanza. Iende huko.

Lakini anakosea anapoiona programu hii kama anasa ya wenye wapasuaji wengi. Naona kinyume. Jaribio la Marekani la 1995, kwa watu wasio na dalili, lilikuta upasuaji wa kuutoa utando huo shingoni ukishusha hatari ya kiharusi ya miaka mitano kutoka asilimia 11 hadi 5.1. Maana yake pasua mia, uwaokoe sita. Nchi tajiri inaweza kumudu faida ndogo kiasi hicho. Familia ya Kongwa au Chamwino inayouza ng'ombe ili mzee apelekwe Dar es Salaam haiwezi. Kinachowafaa ni kujua mapema nani abaki na vidonge na nani apande treni, na mwongozo wa madaktari wa mishipa wa Ulaya wa 2017 tayari uliweka eneo jeusi lililopimwa kwa kompyuta miongoni mwa dalili za kumtenga mwenye hatari.

Tena hakuna mashine mpya ya kununua. Kinachotakiwa ni picha yenyewe, ihifadhiwe kidijitali pamoja na vipimo vyake vya milimita. Hapo ndipo tunapokwama. Shangazi alipewa picha kwenye ile karatasi laini inayong'aa, imebandikwa kwa pini juu ya majibu. Karatasi ile haibebi ngazi zote za kijivu, na ikikaa juani inafifia.

Mwaka jana tulirudi kwa kipimo cha pili, hospitali ileile. Mtaalamu alikuwa mwingine. Aliomba picha ya zamani ili alinganishe. Kwenye mashine ilikuwa imeshafutwa kupisha nafasi. Shangazi akafungua mfuko wake wa Rambo, akatoa karatasi aliyoitunza ndani ya daftari la kliniki. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kijana akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akamrudishia. Kisha akaandika: msinyao asilimia 60, hakuna mabadiliko.