Kisanduku cha Simu na Bipu ya Mama Mkwe

Nani kasema simu ya mezani imekufa? Kwangu mimi, hapa Columbus, Ohio, haijafa. Inazimia. Inazimia, inazinduka, inazimia tena, na muuguzi ni mimi.

Najua kuna vijana wameshaanza: "Mzee, si utumie WhatsApp?" Natumia! Lakini mama mkwe wangu yuko Tanga, ana kitochi chake, na hakitoki mkononi. Simu janja tulimpelekea. Akaipokea kwa dua na shukrani, akaiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, na mpaka leo ipo hapo na karatasi yake ya kiooni. Yeye ni mtu wa kubipu. Akishaswali alfajiri, huku kwetu ni saa tatu au saa nne ya usiku, inategemea Wamarekani wamezisogeza wapi saa zao. Anapiga namba ya nyumbani, inaita mara moja, anakata. Mke wangu anaelewa, anampigia. Mkataba huo umedumu miaka na miaka bila wakili, enzi za waya wa shaba ukutani.

Halafu bili ya ule waya ikapanda, na shemeji akaja na habari njema. Shemeji zangu wote huja na habari njema. Akasema nunua kisanduku, unachomeka simu yako ile ile ya mezani, namba ile ile, sauti inapita kwenye intaneti, unalipa hela ya soda. Kisanduku chenyewe ukikiona utakionea huruma: kinaenea kiganjani, kina tundu la waya wa intaneti, tundu dogo la waya wa simu, na taa zinazokonyeza usiku kucha. Mimi anayenikonyeza usiku kucha bila kusema shida yake simwamini.

Tuanze na umeme. Zamani nyumba nzima ikiwa giza simu ilikuwa hai, maana volti zake 48 zilikuja na waya ule ule kutoka kituo cha simu. Sasa dhoruba ikipita, na dhoruba za Ohio hazina haya, vinakufa vyote kwa pamoja: modemu inayoleta intaneti, ruta inayoigawa nyumbani, na kisanduku. Umeme ukirudi kisanduku kinawahi kuamka, kinakuta ruta bado inajinyoosha, hakuna wa kukipa anwani ya mtandao, kinanuna. Basi inabidi nivizime vyote nianze kuviamsha kwa vyeo: modemu kwanza, nangoja itulie, ruta, nangoja, kisanduku mwisho. Mtu mzima nimechuchumaa nyuma ya televisheni nabembeleza taa.

Lakini kilichovuruga amani ni bipu. Kisanduku hiki kazi yake ya kwanza ni kujisajili kwenye mtambo wa kampuni: nipo hapa, simu zikija nileteeni. Ruta nayo ina tabia ya kufunga njia ikiona kwa muda hakuna kinachopita, wakati mwingine hata dakika haiishi. Njia ikifungwa, mtambo unagonga haupati jibu, basi unaipokea simu wenyewe na kuipeleka kwenye ujumbe wa sauti. Sasa fikiria bipu ya mama mkwe. Bipu haikuumbwa ipokelewe! Ikapokelewa. Tena na mwanamke, sauti laini, Kiingereza cha puani, akimsihi aache ujumbe baada ya mlio. Salio likaliwa. Asubuhi ikaja salamu kupitia kwa mpwa mwenye WhatsApp: "Bibi anauliza, huyo mwanamke anayepokea simu usiku nyumbani kwa mjomba ni nani?"

Mke wangu akanigeukia. Nikamwambia mama watoto, huyo ni mashine, ngoja nikuoneshe. Nikainua simu nikabonyeza nyota tatu, maana kisanduku cha aina yangu ukikifanyia hivyo kinakusomea mipangilio yake. Akatoka mwanamke mwingine, sauti tofauti kabisa, akanikaribisha nichague. Mke wangu akasema, "Kumbe wako wawili."

Likaja na la sauti ya upande mmoja. Simu inaita, napokea, kimya. Hallo, hallo, hakuna kitu, hata upepo. Mtu yeyote mwenye akili hapo anajua simu imekufa, na mtu yeyote mwenye akili anaweza kusema neno la kawaida tu, kwa mfano kwamba wazee wengine nao hawana saa. Kumbe sauti yangu ilikuwa inafika Tanga vizuri, safi kabisa, pengine kuliko siku zote. Ya kwake tu ndiyo haikunifikia. Yaliyofuata yalimfikia mke wangu kupitia kwa mpwa, na sitayaandika hapa.

Washauri wakajaa sebuleni. Mmoja anasema badili waya. Mwingine anasema kisanduku kina joto, kielekezee feni. Wa tatu akashika chaja ya kifaa kingine, eti tundu linalingana. Nikamwambia weka chini: tundu kulingana si volti kulingana, kile cha volti 5 ukikipa 12 tutakizika na kitambaa cha mama mkwe. Aliyesema la maana ni binti yangu. "Baba, sauti ikikatikakatika angalia nani anapandisha video." Na kweli. Simu yenyewe haili sana, kilobiti 90 hivi kwa sekunde kila upande. Ila sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, hamsini kwa kila sekunde, na vyote vinatakiwa vifike kwa mpangilio, bila kuchelewa. Sasa kaka yake akianza kupandisha video zake za kucheza, vipande vyangu vinakaa foleni, na mwenzangu wa upande wa pili anasikia "ha... jam... ba... ya mo..." Kwenye ruta kuna sehemu ya kuipa simu kipaumbele. Tukaiwasha. Kijana akanuna sawa na kisanduku.

Ikabaki ile bipu na ule ukimya, na kwa hayo ilibidi nipige huduma kwa wateja. Ninapiga kwa simu ya mkononi, kulalamika kuhusu ya mezani. Wananiambia kwa usalama wako tunakupigia namba iliyosajiliwa tukupe tarakimu za siri. Namba iliyosajiliwa ndiyo mgonjwa! Nikavuta pumzi. Kisha anwani, kila mara anwani. Hapo nilitaka kufoka, lakini hili nawatetea: tangu 2005 serikali ya Marekani, kupitia FCC, tume yake ya mawasiliano, imezilazimisha kampuni za namna hii kufikisha simu za 911, namba ya dharura, na kisanduku hakijui kimechomekwa wapi. Ukihama nacho bila kusema, moto uko kwako, gari la zimamoto liko kwenye nyumba yako ya zamani.

Halafu inakuja: "Tafadhali chomoa kifaa, subiri sekunde 30, chomeka." Shemeji ana ujanja wake hapa, anakaa kwenye kochi na chai yake anasema "nimechomoa." Mhudumu akamjibu kwa upole, "Bwana, kutoka huku naona bado kimesajiliwa." Mimi nachomoa kweli. Yule kijana wa zamu ya kwanza amepewa karatasi asome, na wenzake nawasikia nyuma yake wanasoma ile ile. Ukimtukana hana pa kuruka. Nilichogundua kinawasogeza haraka ni kuwapa saa na dakika simu ilipoharibika, namba iliyopiga, na ni upande gani haukusikia. Hapo wanaitafuta kwenye kumbukumbu zao, karatasi inawekwa pembeni, unapelekwa kwa fundi mwenyewe.

Fundi alinisikiliza, akaniuliza swali moja: "Ruta yako ina kitu kinaitwa SIP ALG?" Nikatafuta, nikakikuta kimejificha ndani ndani. Kumbe ruta, kama jirani mwenye kiherehere, ilikuwa inafungua barua za kisanduku na kubadilisha anwani zilizomo ndani, eti inasaidia, na sauti ya mama mkwe inakwenda kugonga mlango usiokuwepo. Tukakizima. Akakiambia na kisanduku kiwe kinatuma pakiti ndogo ya data kila baada ya sekunde chache, ili njia isifungwe. Akanionya kampuni ya intaneti ikisasisha ruta usiku, SIP ALG inaweza kujiwasha tena, nikague.

Usiku ule bipu ikaingia. Mara moja, ikakatika. Mke wangu akampigia mama yake, wakazungumza sana, na jina langu nikalisikia likipita.

Kesho yake simu ikaita tena. Kampuni: tunataka maoni yako, kama umeridhika sana na fundi bonyeza 5. Nikabonyeza 5 kwa moyo mweupe. Kumbe na mlio wa vibonyezo nao husafiri kwa intaneti, ukikosewa mpangilio unafika umedonolewa, au unafika mara mbili. "Umechagua 55. Chaguo hilo halipo." Nikabonyeza tena, polepole. "Umechagua 55." Nikabonyeza kwa dole gumba, nikabonyeza kwa kalamu, binti yangu naye akaja akabonyeza. "Asante kwa muda wako." Ikakata. Yule fundi mpaka leo hana alama hata moja, na kumpigia nimweleze siwezi, wataniambia kwanza nichomoe.