Tumlipe mtu asilime bondeni? Sawa, ila tunamlipa nani

Wazo la serikali kuwalipa wenye mashamba ya bondeni waache kulima ili matete yarudi, kuna watu wanaliona la kizungu mno na kuna wengine wanasema hii ndo dawa pekee iliyobaki kwa ziwa letu la Victoria. Mi naona pande zote mbili zina hoja, ila wote wanarukia hela kabla ya kujua inaingia mfuko wa nani.

Anza na bonde lenyewe linafanya kazi gani. Maji ya mvua yanashuka kwenye mawe ya Mabatini, Mwanza mjini, yanaingia mto Mirongo na kila takataka, huko Magu mto Simiyu unashuka na udongo na mbolea za mashambani mpaka Ghuba ya Speke, sasa maji hayo yakikuta mafunjo na matete yanapunguza mwendo, tope linatua, mizizi inanyonya ile mbolea. Yasipoyakuta mbolea yote inaingia ziwani kulisha magugu maji, na kambare na kamongo wanakosa pa kuzalia. Kwa hiyo anayeacha bonde lake limee anafanya kazi ambayo faida yake anakula mtu mwingine kabisa, mvuvi wa Kirumba au mtu aliyefungua bomba Nyegezi. Mwenye majaruba yake matatu ya mpunga ukimwambia aache bure bure kwa ajili ya ziwa atakuuliza ada ya mtoto unalipa wewe? Na hapo sina jibu.

Wanaotetea malipo wanapenda kutaja Marekani, na mfano wenyewe ni mzuri kweli. Kule karne ya 19 serikali ndo ilikuwa inagawa vinamasi kwa majimbo ili vikaushwe, kuna sheria za 1849, 1850 na 1860, wakakausha weee mpaka ukiacha Alaska na Hawaii wakawa wamepoteza zaidi ya nusu ya ardhi oevu waliyokuwa nayo. 1985 wakageuka, anayekausha kinamasi apande mazao ananyimwa ruzuku za kilimo, alafu 1990 wakaanza kuwalipa wakulima warudishe. Mpango upo hadi leo kwa jina jingine: ukikubali kuacha kulima milele unalipwa thamani yote ya haki uliyoiachia pamoja na asilimia 75 hadi 100 ya gharama za kurudisha, ukikubali miaka 30 unapata asilimia 50 hadi 75. Ardhi inabaki yako, winda, vua samaki, ila kulima na kujenga basi. Na lazima uwe umeimiliki angalau miezi 24, yaani wale wajanja wa kununua leo wakavizia hela kesho wamewekewa komeo.

Sasa uhamishie huo mpango huku. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe una hati ya miaka kadhaa au hati ya kimila kijijini, na wengi bondeni hawana hata hiyo. Juu yake Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Wanaopinga wanasema kumlipa mtu aliye ndani ya mita 60 ni kama kumlipa dereva asipite taa nyekundu, na yule aliyeheshimu sheria miaka yote anaambulia patupu. Hoja nzito hii, mi sijaona anayeijibu vizuri.

Na hata nje ya mita 60 hayo mabonde yanalimwa na nani? Mara nyingi ni mtu aliyekodi kwa msimu, mwenyewe yuko zake mjini. Kuna mama anakata mafunjo ya mikeka, kuna mfugaji anashusha ng'ombe kiangazi. Hela ikienda kwa mwenye eneo, aliyekodi anafukuzwa anaenda kufyeka bonde la mbele, mmerudisha nini hapo?

Karibu na jiji ndo usiseme. Matete yanachomwa kiangazi, msimu unaofuata kuna matuta ya mchicha, baadaye tipa zinaanza kumwaga kifusi jioni jioni, ukishtuka kuna msingi wa tofali na kibao cha kiwanja kinauzwa. Hakuna ruzuku itakayoshindana na bei ya kiwanja, huko ni kusimamia sheria tu. Malipo yana maana Magu au Misungwi vijijini, ambako bonde bado ni shamba.

Mi naegemea ngitili, yale maeneo ya malisho ambayo Wasukuma wanayafunga kwa muda ili majani na miti irudi, kuliko hela za mtindo wa Marekani. Wasukuma wa Shinyanga kupitia HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanzia 1986, walirudisha maelfu kwa maelfu ya hekta zilizokuwa jangwa, na hawakulipwa mshahara wa kutolima, walichopata ni majani, kuni na dawa, alafu sheria ndogo za kijiji zikalinda. Bonde nalo likigawiwa hivyo, yule mama wa mikeka akawa na haki iliyoandikwa ya kukata kwa zamu, atalilinda kuliko mgambo. Na kile kipengele cha Marekani cha 1985 cha kunyima ruzuku tukiibe pia, toka 2022 wakulima wanasajiliwa kwa mbolea ya ruzuku, anayefyeka bonde jipya aikose. Ila serikali nayo ichague, huwezi mkono mmoja unahimiza skimu za mpunga bondeni mkono wa pili unahubiri matete.

Pale ambapo hela taslimu haikwepeki, isitegemee mfadhili, miradi ikiisha na gari linaondoka. Itoke kwenye bili za maji za mjini, shilingi chache kwa kila uniti. Najua mtu wa Buswelu akisikia nyongeza kwenye bili wakati mgao haujaisha mtaani kwake atakuja juu, na ana haki, kwa hiyo hata hilo halitapita kirahisi.